Talaat Harb Pasha: Mmisri Aliyekataa Kukopeshwa Fedha Zake Mwenyewe

Katikati ya mji wa Cairo upo uwanja mmoja ambapo barabara kubwa kadha hukutana. Zamani za wafalme uwanja huo uliitwa kwa jina la Suleiman Pasha, yule Mfaransa aliyesilimu akawa jemadari katika jeshi la Muhammad Ali. Sanamu yake iliondolewa, na tangu mwaka 1964 amesimama hapo mtu mwingine, mwenye suti na tarbushi. Huyo ni Muhammad Talaat Harb Pasha. Hakuwa mfalme, wala jemadari, wala hakupigana vita na mtu yeyote. Alikuwa karani wa mambo ya sheria aliyeanzisha benki.

Sisi wa pwani twawajua Wamisri wengi. Saad Zaghlul twamjua, Gamal Abdel Nasser hahitaji kuelezwa, na Umm Kulthum ameingia katika nyumba zetu kwa redio na santuri miaka mingi. Lakini jina la Talaat Harb husikika kwa nadra, na hali yeye ndiye aliyeivunja imani moja iliyowatesa Wamisri kuliko mizinga ya Waingereza. Imani yenyewe ilikuwa kwamba Mmisri ni mkulima tu, hajui fedha, na nchi yake haifai kwa jambo lolote ila kupanda pamba.

Alizaliwa Novemba 1867 katika mtaa wa Gamaliya, mtaa wa kale wa Cairo ulio jirani na msikiti wa Sayyidna Hussein na Al-Azhar. Wazee wake walikuwa watu wa mkoa wa Sharqiya, wakulima kwa asili, na baba yake aliajiriwa katika reli ya serikali. Hawakuwa maskini wa kutupwa, wala hawakuwa matajiri. Kijana alipata elimu yake ya dini, kisha akaingia shule za serikali, na mwaka 1889 akahitimu katika chuo cha sheria. Kifaransa alikijua sawasawa, na jambo hili lilimfaa sana, kwani katika Misri ya siku hizo karatasi za fedha na biashara ziliandikwa kwa Kifaransa.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa ya ukalimani katika idara iliyosimamia mashamba ya Khedive. Akapanda daraja hadi akawa mkuu wa sehemu ya mashauri. Mwaka 1905 akaacha kazi ya serikali akaingia katika kampuni ya Kom Ombo, iliyokuwa ikigeuza jangwa la kusini, karibu na Aswan, kuwa mashamba ya miwa. Wenye kampuni walikuwa matajiri wa Kiyahudi wa Misri pamoja na washirika wao wa Ulaya. Hapo ndipo Talaat Harb alipoona kwa macho yake jinsi mtaji mkubwa unavyokusanywa, jinsi hisa zinavyouzwa, na jinsi benki inavyomwamini mtu huyu na kumkatalia yule. Alijifunza kazi ile ndani ya nyumba za wale wale aliokuja kushindana nao.

Pamba tupu

Yafaa msomaji afahamu hali ya Misri ilivyokuwa. Khedive Ismail alikopa kwa mabenki ya Ulaya bila kiasi, na kwa masharti mazito, mpaka mwaka 1876 wakubwa wa Ulaya wakaweka tume yao ya kusimamia deni. Miaka sita baadaye, 1882, majeshi ya Uingereza yakaingia. Kuanzia 1883 hadi 1907 mtawala wa kweli wa Misri alikuwa Lord Cromer, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Evelyn Baring, mtu wa ukoo wa Baring wenye benki mashuhuri mjini London. Msomaji wa Kenya atalikumbuka jina hilo, kwani mwanawe, Sir Evelyn Baring, ndiye aliyekuwa Gavana wetu tangu 1952 hadi 1959, siku za hali ya hatari.

Cromer aliitengeneza mifereji ya maji, akalipunguza deni, na mahesabu ya serikali yakakaa sawa. Haya ni kweli na haifai kuyakana. Lakini alikuwa na hakika moja moyoni mwake, kwamba Misri iliumbwa iwe shamba la pamba, na viwanda si kazi yake. Hakika hiyo haikukaa moyoni tu, ilitiwa katika sheria. Nguo zilizotoka Manchester zilipoingia bandarini Iskandaria zilitozwa ushuru wa asilimia 8. Mwaka 1901, viwanda vya kufuma nguo vilipoanza kuchipuka ndani ya nchi, serikali ilivitoza navyo kodi ya asilimia 8 hiyo hiyo, ili nguo ya nyumbani isipate nafuu yoyote mbele ya nguo ya kigeni. Kiwanda kichanga kilichonunua mashine ng'ambo na kufundisha wafanyakazi kuanzia alifu kiliambiwa kishindane na viwanda vya Manchester vyenye umri wa miaka mia. Kimojawapo kikafilisika baada ya muda mfupi. Basi kufilisika kwake kukawa ndio ushahidi, wakubwa wakasema ya kuwa kweli Wamisri hawawezi viwanda.

Sisi pwani kisa hiki si kigeni kwetu. Wafumaji wa Mogadishu walikuwa na nguo yao iliyosifika, kisha ikaja marekani kutoka viwanda vya ng'ambo, na vitanda vya mfumi vikapungua kimoja kimoja.

Mambo ya fedha yalikuwa vivyo hivyo. Kulikuwa na mabenki mengi Misri, ya Waingereza, Wafaransa, Wajerumani na Wataliana. Kubwa kabisa, iliyopewa haki ya kutoa noti, iliitwa Benki ya Taifa ya Misri. Ilianzishwa mwaka 1898, lakini taifa lilikuwa katika jina tu. Wenyewe walikuwa wageni na akiba yake ilikaa London. Kazi ya mabenki hayo ilikuwa kusukuma zao la pamba. Kila msimu yaliwakopesha wafanyabiashara wakubwa wa Iskandaria, wengi wao Wagiriki na watu wa Ulaya, nao wakawakopesha madalali wa vijijini, na dalali akamkopesha mkulima kwa faida ya kutisha. Pamba ikishapakiwa melini, fedha ziliondoka nayo. Kufikia Vita Kuu ya Kwanza zaidi ya sehemu nane katika kumi za thamani ya bidhaa zilizotoka Misri zilikuwa pamba, na nchi iliyovuna pamba bora duniani ilikuwa ikinunua shati lake kutoka Uingereza.

Mmisri aliyetaka kufungua karakana au kununua mashine alifika mbele ya benki akakuta mlango umefungwa. Aliulizwa dhamana, na dhamana iliyokubalika ilikuwa ardhi peke yake. Ardhi ikiwekwa rehani na bei ya pamba ikianguka, ardhi huenda. Mambo yalizidi hata serikali yenyewe, mwaka 1912, ikalazimika kutunga sheria ya kumkataza mdai kunyang'anya shamba la mkulima mwenye fedani tano au chini yake. Fedani moja ni kama ekari moja yetu.

Wakubwa wa mabenki walikuwa na maelezo yao. Walisema Mmisri hana tabia ya kuweka akiba, akipata dhahabu huichimbia chini ya sakafu. Kwamba hana uaminifu wa ushirika. Kwamba akipewa fedha atanunua ardhi zaidi au atafanya harusi. Talaat Harb hakuyakana yote. Alijua kweli kuna dhahabu chini ya sakafu. Alilouliza ni kwa nini iko huko. Mtu ataipeleka wapi dhahabu yake ikiwa benki haisemi lugha yake, karatasi zake hawezi kuzisoma, na akishaiweka haitamkopesha yeye bali atakopeshwa mgeni? Na zile amana za Wamisri waliothubutu kuziweka zilipelekwa Ulaya, zikarudi Misri kama mkopo wa mtaji wa kigeni, wenye faida kwa mgeni. Kwa hesabu yake, Mmisri alikuwa akikopeshwa fedha zake mwenyewe, na juu ya hayo akiambiwa ashukuru.

Vita vya kalamu

Kabla ya benki alipigana kwa kalamu. Mwaka 1899 aliingia katika ubishi mkubwa wa wakati ule kuhusu wanawake na hijabu, akamjibu Qasim Amin kwa kitabu kizima, akishika upande wa mila. Wanaomsifu siku hizi kwa maendeleo hupenda kukiruka kitabu hicho, lakini ndivyo alivyokuwa, mtu wa mtaa wa Gamaliya katika mambo ya nyumba na dini, na mtu wa karne ya 20 katika mambo ya mali. Hakuona kuwa hayo mawili yanagombana.

Mwaka 1910 kampuni ya Mfereji wa Suez ilitaka mkataba wake, uliokuwa umalizike 1968, uongezwe miaka 40 zaidi, na serikali ilielekea kukubali kwa kuwa ilihitaji fedha. Talaat Harb akaandika kitabu kilichoeleza kwa takwimu jinsi Misri ilivyoutoa mfereji ule kwa jasho la watu wake na jinsi ilivyopoteza hisa zake. Baraza Kuu la nchi likaukataa mkataba mwaka huo huo. Tukumbuke ya kuwa kama wangekubali, mfereji ungalikaa mikononi mwa kampuni kwa mkataba mpaka mwaka 2008. Nasser alipoutaifisha mwaka 1956, ilikuwa imebaki miaka 12 tu mkataba uishe.

Mwaka 1911 akatoa kitabu kingine, na hiki ndicho kilichokuwa mbegu. Kilieleza dawa ya maradhi ya uchumi wa Misri, na dawa yenyewe ilikuwa benki ya Wamisri. Hakuandika kwa hamasa. Aliyachunguza mabenki ya Ulaya na kupendezwa zaidi na mtindo wa Kijerumani, ambapo benki haikai ikingojea mteja aje na hati ya shamba, bali huanzisha kiwanda yenyewe, hushika hisa zake na kukilea mpaka kisimame. Mkutano mkubwa wa Wamisri uliofanyika Heliopolis mwaka huo ukalipokea wazo lake. Watu wakapiga makofi, kisha wakarudi makwao. Fedha hazikutoka, na mwaka 1914 vita vikaanza.

Ajabu ni kwamba vita ndivyo vilivyomsaidia. Meli za bidhaa zilikatika, na Misri ikajikuta haina hata vitu vidogo vidogo ilivyozoea kuletewa. Mwaka 1916 serikali yenyewe ikaunda tume ya biashara na viwanda chini ya Ismail Sidqi, na Talaat Harb akawa miongoni mwa wajumbe. Ripoti ya tume hiyo ilisema yale yale yaliyodharauliwa miaka mingi, kwamba nchi inayotegemea zao moja inakaa juu ya kigogo kimoja baharini. Kisha likaja vuguvugu la mwaka 1919, Saad Zaghlul akahamishiwa Malta, na nchi nzima ikasimama. Wakati huo huo bei ya pamba ilikuwa juu sana, kwa hiyo wenye mashamba walikuwa na fedha mkononi na uchungu moyoni. Talaat Harb alijua nafasi ile haitarudi.

Hisa za pauni nne

Aprili 1920 ilitoka amri ya kuanzisha Bank Misr. Mtaji wake ulikuwa pauni za Kimisri 80,000, umegawanywa katika hisa 20,000 za pauni nne nne. Zilinunuliwa na watu zaidi ya mia moja na ishirini. Mkubwa wao alikuwa mwenye mashamba mmoja kutoka Maghagha, Abdel Azim al-Masri, aliyechukua hisa elfu moja. Mbele ya mabenki ya kigeni fedha hizo zilikuwa kama tone la maji, na wapo waliocheka. Mwezi wa Mei sherehe ya ufunguzi ilifanyika katika jumba la Opera mjini Cairo.

Masharti mawili yaliwashangaza watu. La kwanza, hisa hazikuuzwa ila kwa Mmisri. Lakini Mmisri kwa maana yake hakuwa Mwislamu peke yake: Wakopti walinunua, na Yusuf Cattaui, Myahudi wa Cairo wa ukoo ule ule aliofanya nao kazi Kom Ombo, alikaa katika baraza la wakurugenzi. Ahmed Midhat Yakan Pasha akafanywa mwenyekiti, na Talaat Harb akashika uendeshaji wa kazi. Sharti la pili, hesabu zote na barua zote ziandikwe kwa Kiarabu. Leo jambo hili laonekana dogo. Wakati ule wataalamu walisema haiwezekani, kwa kuwa Kiarabu hakina maneno ya kazi ya benki. Makarani wakayatafuta maneno, wengine wakayaunda, na vitabu vikajaa. Mkulima akaweza kusoma risiti yake. Kwa maoni yangu sharti hili la pili lilileta amana nyingi kuliko hotuba zote za wanasiasa.

Hapa msomaji Mwislamu atauliza habari ya riba, na ana haki ya kuuliza. Bank Misr haikuwa benki ya Kiislamu kwa maana tunayoitumia leo. Ilitoa na kutoza riba kama mabenki mengine. Mjadala huo ulikuwa hai Misri tangu mfuko wa akiba wa Posta ulipoanzishwa mwanzo wa karne ya 20, na wapo waumini waliokataa kuipokea faida yake. Jaribio la kwanza la benki isiyo na riba nchini humo lilikuja mwaka 1963 katika mji mdogo wa Mit Ghamr, Talaat Harb akiwa ameshazikwa zaidi ya miaka ishirini. Lakini wale wa Mit Ghamr walikuta jambo moja limeshathibitishwa, kwamba mtu wa kijijini akiiamini nyumba ya fedha ataleta akiba yake.

Na waliileta. Kufikia mwaka 1927 mtaji ulikuwa umefika pauni milioni moja, na benki ikahamia katika jumba lake jipya lenye nakshi za Kiarabu. Mshairi Ahmed Shawqi aliitungia benki hii kasida. Sijui ni benki ngapi duniani zimepata bahati hiyo.

Nguo za Mahalla

Lakini benki ilikuwa chombo tu. Kila faida iliyopatikana, sehemu ilitengwa kwa ajili ya kuanzisha kampuni. Ya kwanza ilikuwa matbaa, mwaka 1922, kisha kinu cha kuchambua pamba, kisha vyombo vya kusafirisha mizigo katika mto Nile. Ilikwenda hatua kwa hatua: pamba ichambuliwe na kampuni ya Misri, ipelekwe na chombo cha Misri, na mwishowe ifumwe Misri.

Hatua hiyo ya mwisho ilikuwa Mahalla al-Kubra, mji wa Delta uliojulikana tangu zamani kwa ufumaji. Kampuni ya kusokota na kufuma ilianzishwa hapo mwaka 1927 kwa mtaji wa pauni 300,000. Mashine zililetwa kutoka ng'ambo, mafundi wakaja kutoka Ujerumani, na vijana wa Kimisri wakapelekwa Ulaya wakajifunze ili wachukue nafasi zao. Kiwanda kikaanza kutoa nguo mwanzoni mwa miaka ya 1930. Na hapa bahati ilikutana na maarifa. Mikataba ya zamani iliyoifunga Misri isipandishe ushuru wa forodha ilikwisha Februari 1930, na serikali ikapandisha ushuru wa bidhaa za kigeni. Kwa mara ya kwanza tangu enzi ya Cromer nguo ya nyumbani ilipewa kivuli cha kukulia. Ndani ya miaka kumi Mahalla ikawa na wafanyakazi maelfu kwa maelfu, kiwanda kikubwa kabisa cha nguo katika nchi za Kiarabu. Hali ya hewa ya Misri ilikuwa ile ile, wala Mmisri hakubadilika. Kilichobadilika ni kodi, na mlango wa benki.

Wala tusimfanye malaika. Wafanyakazi wa Mahalla walikuwa watoto wa wakulima waliotolewa shambani, wakafanya kazi kwa saa nyingi na ujira mdogo, na mwaka 1938 waligoma, wakapelekwa mahakamani. Katika risala za benki walisifiwa kama askari wa taifa, na mshahara wao ukabaki mdogo. Mji huo haukusahau kugoma: Desemba 2006 maelfu ya wafanyakazi wa kiwanda hicho hicho waligoma tena.

Zamzam na Kawthar

Kampuni ziliendelea kuzaliwa, za hariri, kitani, uvuvi na bima. Mwaka 1932 ikaja kampuni ya ndege, ambayo leo ni EgyptAir ishukayo Nairobi. Mwaka 1925 ilianzishwa kampuni ya michezo na sinema, na mwaka 1935 ikafunguliwa Studio Misr. Filamu yake ya kwanza kubwa, Weddad, ilimtoa Umm Kulthum katika sinema mwaka 1936. Hivyo yule aliyeandika kitabu cha kutetea hijabu ndiye aliyejenga nyumba ya sinema ya Waarabu. Kwake yeye sinema ilikuwa bidhaa kama nguo. Ikiwa watu wataitazama kwa vyovyote, basi na watazame iliyotengenezwa kwao, kwa lugha yao.

Lililowagusa zaidi watu wa kawaida ni meli za mahujaji. Miaka mingi Mmisri aliyekwenda Hija alivuka kutoka Suez hadi Jeddah katika meli za kampuni za kigeni. Mwaka 1934 ikaundwa kampuni ya meli ya Misr, ikanunua meli mbili na kuzipa majina ambayo kila Mwislamu anayajua, Zamzam na Kawthar. Wazee wetu waliosafiri Hija kwa jahazi na kwa meli za sitaha wataelewa maana ya kupanda chombo ambacho wenyewe wanajua kibla kiko wapi, na chakula chake hakina shaka.

Septemba 1939

Kadiri benki ilivyokua, ndivyo ilivyojitia katika hatari. Amana ni fedha ambazo mwenyewe aweza kuzitaka kesho asubuhi. Kiwanda ni fedha zilizopandwa ardhini, na mti haukatwi kuni siku ile ile uliyopandwa. Talaat Harb alichukua amana za muda mfupi akazijengea viwanda vya miaka mingi. Hili lilikuwa kosa katika hesabu za benki, ingawa bila ya kosa hilo pengine Mahalla isingejengwa, kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine wa kutoa fedha za muda mrefu. Pia benki iliwakopesha wakubwa, wakiwamo mapasha wenye uhusiano nayo, na mikopo mingine haikurudi kwa wakati. Baadhi ya kampuni hazikuleta faida. Na mwaka 1938 alikubali kushirikiana na kampuni ya Waingereza ya kutia nguo rangi, ya Bradford, katika kiwanda kipya cha Kafr el-Dawwar. Waliomsikia akihubiri mtaji wa Wamisri watupu walikunja uso.

Vita Kuu ya Pili vilipoanza, Septemba 1939, watu waliingiwa na hofu wakajazana milangoni kutaka fedha zao. Benki yoyote duniani ikifikwa na hayo hukimbilia benki kuu. Kwa Misri, kazi hiyo ilikuwa mikononi mwa ile Benki ya Taifa, bado ikiongozwa na gavana Mwingereza. Ikakataa kuikopesha Bank Misr bila ya serikali kudhamini. Serikali ya Ali Mahir nayo ikaweka sharti, kwamba Talaat Harb aondoke kwanza.

Wengine husema ilikuwa njama ya Waingereza, na wengine kwamba ni uhasama wa wanasiasa wa Kimisri wenyewe, maana alikuwa na maadui kila chama. Nionavyo mimi, madeni yalikuwa ya kweli na chuki ilikuwa ya kweli. Benki yenye viwanda vinavyofanya kazi, nguo ghalani na meli baharini haikuwa mufilisi; ilikosa fedha taslimu tu, na fedha taslimu ndizo alizonyimwa mpaka atoke. Akachagua benki ibaki, akajiuzulu. Nafasi yake akapewa Hafiz Afifi Pasha, na msaada ukatoka.

Aliishi chini ya miaka miwili baada ya hapo, mbali na kazi. Aprili 1941 meli Zamzam, ikiwa safarini kuelekea Cape Town, ilizamishwa na meli ya kivita ya Wajerumani katika bahari ya Atlantiki. Agosti mwaka huo huo Talaat Harb akafariki dunia, akiwa na umri wa miaka 73. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Katika mwaka huo huo wa 1941 ilipitishwa sheria ya serikali kuidhamini Bank Misr kwa amana zake. Viwanda vya Mahalla vilijaa kazi wakati wa vita, kwa kuwa nguo za Manchester hazikufika na majeshi ya Uingereza yenyewe yalihitaji kitambaa. Mwaka 1960 Nasser aliitaifisha benki, pamoja na Benki ya Taifa iliyomkatalia mkopo. Mwaka 1980 Anwar Sadat alimtunuku marehemu nishani ya Nile. Bank Misr ingali ipo, mali ya serikali ya Misri, na vitabu vyake huandikwa kwa Kiarabu.